Kadi ya Mkopo na Kadi ya Rehani

Katika lugha ya mabenki yuko mkopeshaji anayeitwa wa daraja la kwanza. Awe mtoaji wa kadi za mkopo au wa fedha taslimu, sifa hiyo hakuipata kwa huruma yake. Ameipata kwa watu anaowachagua: wenye mshahara wa kudumu, hati ya mali na kumbukumbu safi ya ulipaji. Huko Marekani kumbukumbu hiyo hugeuzwa kuwa alama, kuanzia 300 hadi 850, na kwa kawaida anayefikisha 660 huhesabiwa kuwa mkopaji bora. Kwa kuwa wachache kati ya hao hushindwa kulipa, mkopeshaji aweza kutoza riba ndogo na bado akapata faida. Unafuu wake, basi, watokana na mlango alioufunga.

Hatumlaumu kwa kuwa mwangalifu, maana anakopesha akiba za watu wengine. Tunalouliza ni hili: anahesabu nini? Mama anayelima mwani Paje au Jambiani huenda hana hati wala mshahara, ingawa kila baada ya bamvu, akisha kuuza, hulipa deni lake la unga dukani. Uaminifu huo haumo katika daftari la benki yoyote.

Nje ya mlango ule anamngoja yule ambaye watu wenyewe wamemwita kausha damu. Tuseme amkopesha mtu shilingi 100,000 kwa riba ya 10,000 kila wiki. Baada ya wiki kumi mkopaji amekwisha kulipa 100,000, na deni lenyewe liko pale pale. Wengine huchukua rehani kadi ya benki ya mfanyakazi pamoja na namba yake ya siri. Kwa tajiri kadi ni mkopo. Kwa huyu ni joho lile la maskini ambalo Kitabu cha Kutoka, sura ya 22, chaagiza lirudishwe kabla jua halijatua. Majirani zetu Waislamu nao hawahitaji kufundishwa nasi ubaya wa riba.

Visiwa hivi vimeyaona haya. Bei ya karafuu ilipoanguka katika miaka ya 1930, mashamba mengi yalikuwa rehani, na mwaka 1934 serikali ya kikoloni ilitunga sheria kuzuia ardhi ya Waarabu na Waafrika isipotee kwa madeni. Ardhi ilipata kinga, lakini mkulima bado alihitaji fedha ya msimu. Vivyo hivyo, Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilipiga marufuku majukwaa 69 ya mikopo ya mtandaoni yasiyo na leseni. Ilifanya vema, ila aliyekuwa akikopa humo angali ana ada ya mtoto ya kulipa.

Kwa hiyo twawaomba viongozi wa jumuiya ndogo ndogo wayatunze madaftari ya vikundi vya kuweka na kukopa kwa uangalifu, kila rejesho na tarehe yake, kisha waende nayo benki pamoja na wanachama, wadai yasomwe kama ushahidi. Na mwenye kadi iliyowekwa rehani asione haya kuja kwetu.