Rubani wa Boeing akitaka kurudia ndege ndogo, Kongo ataipata wapi?

LUBUMBASHI – Kwenye kampasi ya Kasapa, Chuo Kikuu cha Lubumbashi (UNILU), kijana anayeota urubani anawaza ndege kubwa: Airbus A320 ambazo Congo Airways ilianza nazo mwaka 2015, ama Boeing 737 za Air Congo, iliyoanza safari Desemba 2024. Ndege ndogo ya injini moja anaiona kama ngazi: ukishapanda, unaiacha.

Kwingineko, marubani wa mashirika makubwa wanairudia siku za mapumziko, na si kwa raha tu. Kwenye ndege kubwa, mikono inafanya kazi dakika chache za kuruka na kutua. Safari iliyobaki inaongozwa na mtambo. Tarehe 6 Julai 2013, huko San Francisco, Boeing 777 ya Asiana iligonga ukuta wa bahari mbele ya uwanja, mchana, hewa ikiwa safi. Marubani waliamini mtambo unashika mwendo, kumbe haushiki. Watu 3 walikufa. Tangu Januari ya mwaka huo, mamlaka ya anga ya Marekani ilikuwa imeomba mashirika yawaache marubani waongoze zaidi kwa mikono.

Kinyume chake ni Kanada, 1983. Boeing 767 iliishiwa mafuta angani. Kapteni Robert Pearson, mzoefu wa ndege zisizo na injini, aliishusha Gimli, na watu wote 69 walipona.

Kurudi kwenyewe kuna aibu yake. Rubani aliyezoea kukaa juu sana anainua pua ya ndege mapema mno wakati wa kutua. Miguu imesahau kazi ya usukani wa mkia. Hana msaidizi pembeni. Kapteni mzima anakuwa mwanafunzi tena.

Nairobi wana Aero Club of East Africa tangu 1927. Kongo, ndege ndogo ni chombo cha kazi: MAF inabeba wagonjwa na dawa pale ambapo barabara imekufa. Petroli ya ndege ndogo ni adimu na ghali Afrika, ndiyo maana huduma kama hizo zinapenda Cessna Caravan, inayotumia kerosini kama ndege kubwa. Na Caravan haikodiwi kwa matembezi ya Jumapili.

Kwa hiyo rubani wa vijijini ndiye mwenye mikono myepesi, na siku anapoajiriwa kwenye Boeing anaanza kuipoteza. Mashirika yote yenye cheti cha RDC yamefungiwa anga ya Umoja wa Ulaya. Kilabu cha ndege ndogo hakitafuta marufuku hiyo, inayohusu zaidi usimamizi wa Serikali. Lakini usimamizi ni pamoja na hili: kanuni za kimataifa zinadai kapteni awe ameruka na kutua mara 3 ndani ya siku 90, bila kuhesabu dakika alizoongoza kwa mkono. Mamlaka ya anga ya Kongo (AAC) inaweza kuanza kuzihesabu.