Kompyuta pepe kwa AMCOS: Ijaribiwe kabla korosho haijaingia ghalani

OKTOBA 14, 2025 Microsoft ilisitisha huduma za kawaida kwa programu yake ya Windows 10, wakati ambapo wakulima wa Newala na Masasi walikuwa shambani na ghalani na korosho zao. Tangu hapo, chama cha msingi, duka la pembejeo au steshenari ya Kitangari yenye kompyuta za zamani ina uamuzi wa kufanya: inunue mpya zote, au itafute njia ya kuzitumia hizo hizo kwa gharama nafuu.

Njia mojawapo ni kompyuta pepe. Katika mpango huu programu na kumbukumbu zote hukaa kwenye mashine moja yenye nguvu, iitwayo seva. Mbele ya karani hubaki skrini, kibodi na kifaa kidogo, au ile kompyuta kuukuu ikiwa imewekewa programu nyepesi. Anachoandika husafiri hadi kwenye seva, na picha ya kazi yake hurudi kwenye skrini.

Faida zake si za kubeza. Kifaa cha karani kikiungua au kikiibwa, orodha ya wakulima haipotei. Fundi hutengeneza mashine moja badala ya sita. Vifaa vidogo pia hutumia umeme kidogo, jambo la maana pale umeme unapokatika na kazi kuhamia kwenye betri au jenereta.

Hata hivyo, suala la kwanza ni mahali seva ilipo.

Ya ofisini au ya kukodi?

Seva inaweza kufungwa chumba cha pili, ikaunganishwa na makarani kwa waya. Inaweza pia kukodiwa kwa kampuni kubwa kupitia intaneti. Kwa Microsoft, vituo vya karibu vya aina hiyo viko Afrika Kusini, ambako ilivifungua mwaka 2019.

Ya kukodi ina mvuto kwa biashara ya msimu. Chama chenye makarani sita kuanzia Oktoba hadi Desemba, na mmoja tu ifikapo Machi, kinaweza kulipia kwa muda kinaotumia. Tatizo ni njia ya kufika huko. Microsoft hupendekeza kasi ya megabiti 1.5 kwa sekunde kwa mtu mwenye kazi nyepesi, na 3 kwa kazi za kati. Makarani sita wa kazi za kati wanahitaji megabiti 18 kwa wakati mmoja, tena mfululizo.

Tena kasi pekee haitoshi. Mei 12, 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipata hitilafu na intaneti ikayumba nchi nzima. Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi mkuu, intaneti ilikatika kwa siku kadhaa, msimu wa korosho ukiendelea. Aliyeweka kila kitu kwenye seva ya mbali siku hizo hakuweza hata kufungua orodha yake mwenyewe. Mwenye seva ofisini alikosa mawasiliano na nje, lakini kupima mzigo na kuandika stakabadhi kungeweza kuendelea.

Kwa mazingira ya uwanda wa Makonde, basi, seva ya ofisini ndiyo chaguo la kwanza, na ya kukodi ibaki mahali pa kuhifadhi nakala.

Rahisi huvunja upishi

Mtego wa pili ni leseni. Seva ya Windows inayohudumia makarani wengi huhitaji leseni ya kila mtumiaji au kila kifaa, mbali na leseni ya seva yenyewe. Microsoft hutoa siku 120 za kuitumia kabla ya leseni hizo kudaiwa. Ikifungwa Julai mosi bila leseni, itafanya kazi vizuri hadi mwishoni mwa Oktoba, kisha itakataa makarani minada ikiwa imepamba moto. Mnunuzi aonyeshwe leseni kabla hajalipa.

Zipo programu za bure za Linux, kama LTSP iliyoanza mwaka 1999, ambazo hazina gharama hiyo. Lakini lazima kwanza ithibitike kwamba programu ya hesabu ya chama, printa, mizani ya kidijitali na kisoma alama za vidole vinakubaliana nazo. Vifaa vya kuchomeka ndivyo vinavyosumbua zaidi kwenye kompyuta pepe, iwe ya bure au ya kulipia.

Kijana wa Newala au Masasi anayetaka kuhudumia vyama kadhaa kwa seva moja ana mzigo wa ziada. Leseni ya kawaida haimruhusu kuwauzia wengine huduma hiyo. Microsoft ina leseni maalumu kwa watoa huduma. Aidha, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inamtaka anayekusanya au kuchakata taarifa za watu kujisajili kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Majina ya wakulima, kilo na akaunti zao za benki ni taarifa za aina hiyo.

Mkataba nao useme chama kitarudishiwaje kumbukumbu zake iwapo mtoa huduma atafunga au kuuza biashara. Wakubwa nao huuzwa: VMware ilinunuliwa na Broadcom Novemba 2023, na mwezi uliofuata uuzaji wa leseni za kudumu ukasitishwa, wateja wakatakiwa kulipia kwa vipindi.

Jaribio la Agosti

Jaribio la maana hufanyika kabla ya msimu, kwa mzigo wa msimu. Makarani wote waingie pamoja, waandike orodha ya mwaka uliopita, wachape stakabadhi. Kisha umeme uzimwe makusudi, intaneti ikatwe, na nakala irejeshwe kwenye mashine nyingine. Saa zihesabiwe.

Tangu msimu wa 2024/25 korosho huuzwa kwenye minada ya kielektroniki ya soko la bidhaa, TMX. Mnada ukiisha, mkulima husubiri malipo kwa kufuata orodha ya chama chake. Orodha ikikwama, fedha zake nazo zinachelewa. Gharama ya seva nayo inatoka kwenye makato ya kilo zake. Kwa hiyo matokeo ya jaribio hilo yasomwe mbele ya mkutano mkuu, pamoja na bei ya miaka mitatu, kabla wanachama hawajanyoosha mikono.