Basari Si Zawadi: Tupige Hesabu ya Kura Zetu

Shule zilipofunguliwa Januari, nilipanga foleni na dadangu nje ya afisi moja tukitafuta basari ya mwanawe. Tulikuwa na fomu, barua ya shule na nakala ya kitambulisho. Jua lilitupiga hadi saa saba mchana. Mama mmoja mbele yetu alipofika dirishani, jambo la kwanza aliloulizwa halikuwa alama za mtoto wala hali ya nyumbani. Aliulizwa: "Kura yako iko wapi?"

Swali hilo limenikaa rohoni.

Basari ni pesa za kodi. Za NG-CDF hutoka serikali kuu, za kaunti hutoka bajeti ya kaunti. Hakuna hata shilingi moja itokayo mfukoni mwa mheshimiwa. Lakini hundi ikitolewa uwanjani, picha yake ikiwa kwenye bango, sisi hupiga vigelegele kana kwamba tumefanyiwa hisani.

Sasa tazama upande wa pili. Kila mwanafunzi wa sekondari ya umma amewekewa mgao wa shilingi 22,244 kwa mwaka, unaokwenda shuleni moja kwa moja. Julai 2025, Waziri wa Fedha John Mbadi aliwaambia wabunge kwamba kiasi ambacho serikali inamudu ni shilingi 16,900. Baadaye serikali ilisisitiza kuwa elimu ya bure haijafutwa. Lakini pengo alilolitaja ni shilingi 5,344 kwa kila mtoto kila mwaka. Kwa miaka minne ni shilingi 21,376. Mgao ukipungua hivyo, mwalimu mkuu ana deni la muuza maharagwe na la umeme, naye humgeukia mzazi.

Tuweke kando ya hesabu hiyo ile noti ya shilingi 1,000 tunayopewa usiku wa kuamkia uchaguzi. Igawanye kwa siku za miaka mitano: ni kama senti 55 kwa siku. Haitoshi hata mahamri moja.

Ndugu msomaji, simlaumu mama anayeipokea. Ameshaahidiwa maji, barabara na karo tangu ujana wake, na hakuona. Noti ya leo ni hakika, ahadi ni upepo. Na kura yake moja peke yake haimwangushi mtu. Mkono mtupu haulambwi, na akiba yake ni chungu kitupu. Kwake yeye, hesabu hiyo ni sawa. Shida ni kwamba sote tukiipiga vivyo hivyo, mtaa mzima hupata hasara.

Wanasiasa nao wana hesabu yao. Mgao wa shule hauna sura ya mtu. Ukifika kwa wakati, hakuna anayeimbiwa. Basari ina jina, ina picha, na humfanya mzazi arudi kuomba mwaka ujao. Ndiyo maana utasikia wakigombania kuigawa basari kwa nguvu kuliko wanavyopigania mgao ufike kamili. Mzazi asiyehitaji basari ni mpiga kura aliye huru.

Uchaguzi ujao ni Agosti 2027. Mmoja wetu akikataa noti, atakosa noti tu. Lakini wazazi wa shule moja wakikaa pamoja, wakaandika pengo la shule yao kwa shilingi, kisha wakamuuliza kila mgombea atakayekuja barazani, "Wewe utafanya nini bungeni kuhusu pesa hizi?", hapo bei ya kura itapanda. Na orodha ya waliopata basari ibandikwe ukutani, kila mtu aisome.

Mpwa wangu alikaa nyumbani wiki mbili. Karo yake tuliichanga wenyewe, jamaa na majirani. Basari hatujaiona hadi leo. Lakini kura yetu iko pale pale, na safari hii tutakuwa sisi wa kuuliza.