Nishani ya Heshima, au Bakhshishi ya Mgeni?



Sisi watu wa visiwa si wageni wa nishani. Wazee wetu walimwona Sultani Khalifa bin Harub, aliyetawala Unguja na Pemba tangu mwaka 1911 hata 1960, akipita na nishani kubwa kubwa za Mwingereza kifuani. Watoto waliosimama kando ya njia walistaajabia mng'aro wake. Watu wazima walifahamu kuwa dola ikimvika mtu nishani huwa inasema neno, na neno hilo halimfikii aliyevikwa peke yake, bali huwafikia na raia anaowatawala.

Leo twapenda kuzungumza juu ya nishani ya Wafaransa iitwayo Légion d'honneur, yaani Jeshi la Heshima, na khasa juu ya daraja yake ya juu kabisa, iitwayo Msalaba Mkuu. Tumeichagua hii kwa sababu asili yake ilikuwa njema, na kitu chenye asili njema kikitiwa ila, watu hupata mafunzo zaidi.

Napoleon Bonaparte aliianzisha tarehe 19 Mei 1802. Mapinduzi ya mwaka 1789 yalikuwa yamekwisha kuondoa vyeo vya kurithi, naye akataka nishani itakayopatikana kwa kazi wala si kwa nasaba, mtoto wa mkulima na mtoto wa bwana wapimwe kwa kipimo kimoja. Daraja zake za sasa ni: Farisi, kisha Ofisa, kisha Kamanda, kisha Ofisa Mkuu, na mwisho Msalaba Mkuu. Mwenye Msalaba Mkuu huvaa ukanda mpana mwekundu kutoka bega la kulia, na bamba la rangi ya dhahabu kifuani upande wa kushoto. Na ingawa jina lake ni msalaba, alama yenyewe ni nyota ya miali mitano, kila mwali una ncha mbili.

Sasa na tuitazame ngazi yenyewe. Mfaransa wa kawaida hapewi daraja ya Farisi ila awe ametumika kwa sifa njema miaka 20. Akiwa Farisi, hungoja miaka 8 asijepanda kuwa Ofisa. Kisha miaka 5 kufika Ukamanda. Kisha 3 kuwa Ofisa Mkuu. Kisha 3 tena ndipo aweze kutajwa kwa Msalaba Mkuu. Jumlisha, ewe msomaji, utapata miaka 39. Juu ya hayo, kanuni imeweka kuwa Wafaransa wenye Msalaba Mkuu wasizidi 75, na Maofisa Wakuu wasizidi 250. Mwalimu, tabibu au askari huanza ngazi hii akiwa kijana, na wengi hufa wakiwa bado vipandio vya chini. Hatuna la kulaumu katika hilo. Heshima isiyokuwa na taabu ya kuipata haina thamani.

Walakini ngazi hii ni ya mwenyeji. Mgeni hahesabiwi kuwa mmoja katika jamaa wa Jeshi hilo. Huvikwa tu nishani yake, wala haimlazimu kupanda kipandio kwa kipandio. Na mgeni akiwa ni mtawala wa nchi, huweza kupewa Msalaba Mkuu kwa safari moja na karamu moja.

Mfano wa kwanza ni Bashar al-Assad wa Syria. Alishika utawala mwezi wa Julai 2000, baada ya kufa baba yake. Mwezi wa Juni 2001 alizuru Paris, na Rais Jacques Chirac akampa Msalaba Mkuu. Hakuwa ametimiza hata mwaka mmoja katika kiti. Yale ambayo Mfaransa huyatolea jasho la miaka 39, yeye aliyapata kabla ya kutimiza miezi kumi na miwili. Kisha ikaja vita ya Syria iliyoanza mwaka 2011, na dunia nzima ikaona aliyowatenda raia wake. Nishani ile ilikaa kwake miaka kumi na saba. Mwezi wa Aprili 2018 serikali ya Ufaransa ilipoanza kutengeneza njia ya kumvua, yeye mwenyewe aliirudisha kwa mkono wa ubalozi wa Romania mjini Damascus. Basi hata fakhari ya kumvua, Wafaransa hawakuipata kwa ukamilifu.

Mfano wa pili ni wa Desemba 2020, Rais Abdel Fattah el-Sisi wa Misri alipovikwa Msalaba Mkuu mjini Paris. Sherehe hiyo haikutangazwa na wenyeji. Wafaransa waliiona katika picha zilizotoka upande wa Misri. Hapo mwandishi mmoja mzee wa Kitaliana, Corrado Augias, aliichukua nishani yake mwenyewe ya Jeshi la Heshima, akaenda kwenye ubalozi wa Ufaransa mjini Roma, akairudisha. Alimkumbuka Giulio Regeni, mwanafunzi wa kwao aliyeuawa huko Misri, ambaye maiti yake ilionekana Februari 2016, ina alama za mateso. Mzee yule aliona haifai kifua chake na kifua cha mtawala yule kubeba heshima moja.

Sisi tukaao nyuma ya mizani kila siku twalifahamu jambo hili bila ya kufundishwa. Mwenye duka akimpimia jirani yake kibaba cha kukwangua, na mgeni mwenye fedha akamjazia kibaba hata kikafurika, na kwa bei ile ile, mtaa mzima utajua kabla ya magharibi. Wala hasara haimfikii jirani yule peke yake. Tangu siku hiyo hapana atakayekiamini kibaba cha duka lile.

Watasema baadhi ya watu kuwa hizi ni ada za wafalme na marais, na kuwa dola haiwezi kuzungumza na dola nyingine kwa kununa. Twakubali. Mgeni hukirimiwa, na mlango ukifungwa kabisa hata mfungwa hapati wa kumwombea. Lakini ukarimu una vyombo vyake: zulia, kitabu, farasi, karamu, mizinga ya salamu. Hapana haja ya kumpa mgeni kitu kile kile alichozikwa nacho mjane wa vita au tabibu wa kijijini kwa ajili ya kazi yake.

Na wala msidhani kuwa Wafaransa hawajui kushika mizani. Mwaka 1887 ilidhihirika kuwa Daniel Wilson, mkwe wa Rais Jules Grévy, akifanya biashara ya nishani, na Rais mwenyewe ikambidi kujiuzulu mwezi wa Desemba. Mwezi wa Juni 2025, Rais wa zamani Nicolas Sarkozy alivuliwa nishani yake kwa sababu hukumu yake ya rushwa ilikuwa imethibitishwa na mahakama ya juu. Kanuni yasema mwenye kuhukumiwa kifungo cha mwaka mmoja au zaidi hutolewa, nayo haikumwacha kwa kuwa alikuwa rais. Kadhalika wamekuwapo walioikataa. Pierre Curie, mtaalamu wa elimu ya maumbile, alijibu kuwa hana haja ya nishani, ana haja ya mahali pa kufanyia kazi. Mwaka 2015 Thomas Piketty, mtaalamu wa uchumi, aliikataa akisema si kazi ya serikali kuamua nani ni mtu wa heshima.

Sisi hatufiki alikofika Piketty. Twaona ni haki taifa kuwashukuru watu wake. Tutakalo ni mambo mawili. Kwanza, kila jina la mtawala wa kigeni anayepewa Msalaba Mkuu litangazwe wazi, pamoja na kazi aliyoifanya, kama yanavyotangazwa majina ya Wafaransa wenyewe. Pili, ikiwa hapana kazi ya kutajwa, basi apewe zawadi, na nishani ibaki kabatini.

Mfungwa aliyeko gerezani, akisikia kuwa aliyemfunga amevikwa heshima na taifa linalojiita mama wa haki, huongezewa kifungo kingine ambacho hakimu hakukitaja. Hilo ndilo neno linalosemwa na ukanda ule mwekundu, na sisi tulio mbali na meza za wakubwa ndio tunaolisikia vizuri zaidi.

Wassalaam.