Hakimu Asiye na Mizani

Wapenda haki, adhabu ina makusudio yake: kumlipiza mkosaji kwa kadiri ya kosa, kuwaonya wengine, kuwalinda raia na kumrekebisha aliyepotoka. Hakimu huyafikia kwa kupima. Sheria inayomlazimisha kutoa hukumu moja kwa wote humpokonya mizani.

Desemba 2017, Mahakama ya Juu iliamua kwamba kulazimisha hukumu ya kifo kwa kosa la mauaji ni kinyume cha Katiba. Mwaka 2021 ikafafanua kuwa uamuzi huo haukuhusu wizi wa mabavu. Hivyo aliyeua husikilizwa aombapo kupunguziwa adhabu. Aliyepora simu kwa vitisho akiwa na mwenzake mmoja, pasipo kumwua mtu, Kifungu cha 296(2) cha Kanuni ya Adhabu humtaka afe. Nayo Kenya haijamnyonga mfungwa tangu 1987. Kitanzi hicho humwonya nani? Humrekebisha nani?

Twalitaka Bunge lifute ulazima huo. Nanyi waumini, mkabilini mbunge wenu. Hata Kaini, muuaji wa nduguye, alipolalamikia uzito wa adhabu yake, Mungu alimsikiliza.