AFYA NA NYUMBA: Aliyepunguzwa Tumbo Asiache Vidonge

Mficha maradhi kilio humfichua, husema wahenga. Methali hii inamhusu hasa mtu aliyekwenda ng'ambo kupasuliwa ili apunguze unene, kisha akarejea Buyenzi na kuificha sababu ya wembamba wake. Kuwaficha majirani si neno. Kumficha muuguzi wa kituo cha afya kwaweza kumgharimu maisha.

Upasuaji huo hufanywa zaidi kwa namna mbili. Katika ya kwanza, sehemu kubwa ya mfuko wa tumbo hukatwa na kuondolewa. Katika ya pili, mfuko huachwa mdogo sana, na chakula hupitishwa njia ya mkato, kikiuruka mwanzo wa utumbo mdogo. Sehemu hiyo inayorukwa ndiyo ifyonzayo kwa wingi madini ya chuma na kalsiamu. Aidha, ute wa tumbo unaousaidia mwili kuipata vitamini B12 hupungua.

Kwa hiyo ndagala wa Ziwa Tanganyika, maharage, sombe na lengalenga hubaki kuwa vyakula bora kwa mtu huyo, lakini peke yake havimtoshi. Upungufu haumo chunguni, umo tumboni.

Akikosa chuma, huchoka upesi, viganja hupauka na moyo humwenda mbio. Akikosa kalsiamu na vitamini D, mifupa hudhoofika polepole. Vitamini B12 ndiyo humhadaa mtu, kwa kuwa ini huweka akiba yake kwa miaka. Huacha vidonge akajiona mzima, hata siku miguu inapoanza kufa ganzi. Mishipa ya fahamu iliyokwisha kuharibika huenda isipone tena.

Vitamini B1 haina subira hiyo, kwani akiba yake huisha kwa wiki chache. Wanajeshi waliwahi kulijua jambo hili kwa uchungu. Katika safari ya mwaka 1882 hadi 1883, manowari ya Kijapani Ryujo ilikuwa na watu 376, chakula chao kikuu kikiwa wali mweupe. Watu 169 waliugua beriberi, na 25 wakafa. Mwaka 1884, daktari Takaki Kanehiro alibadilisha chakula katika meli Tsukuba iliyopita njia ile ile. Wachache tu waliugua, wala hakufa mtu kwa maradhi hayo. Leo yafahamika kuwa kilichokosekana ni vitamini B1.

Basi aliyepasuliwa akitapika siku kadhaa mfululizo, au akayumba, akachanganyikiwa, au macho yakamchezacheza, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Wanaompeleka waseme wazi kwamba alipunguzwa tumbo, maana yampasa kupewa vitamini B1 kabla ya dripu ya sukari.

Vidonge ni vya maisha yote, na kiasi chake huamuliwa na daktari. Kwa kawaida vitamini B12 ni mikrogramu 350 hadi 1000 kwa siku, au sindano kila mwezi. Kalsiamu ni miligramu 1200 hadi 1500, zikigawanywa mara mbili au tatu. Mwanamke anayepata hedhi huhitaji chuma miligramu 45 hadi 60. Chuma na kalsiamu visimezwe pamoja. Zipite angalau saa mbili kati yake. Wala chuma kisimezwe kwa chai, kwa kuwa chai hukizuia.

Damu ipimwe baada ya miezi 3, 6 na 12, kisha kila mwaka. Mwanamke asubiri miezi 12 hadi 18 kabla ya kushika mimba. Anayetaka kufunga Ramadhani amwone daktari kwanza, kwani tumbo dogo haliwezi kupokea maji mengi kwa mara moja wakati wa futari na daku.

Askari aliyepasuliwa amjulishe daktari wa kikosi chake kabla ya kupangiwa kazi ya mbali, na achukue vidonge vya kumtosha hadi atakaporejea. Aliyepasuliwa akiwa ni mke, mume asihesabu gharama ya dawa hizo kuwa anasa. Ni sehemu ya posho ya nyumba, kama unga na mkaa.