Tusivipige Marufuku Vidude vya Ajabu

Mwandishi aliyedai katika safu ya maoni kwamba vifaa vya ajabu vinavyobuniwa siku hizi ni upuuzi mtupu amekosea pakubwa, na mfano alioutoa mwenyewe unamsuta. Ameitaja fimbo ya selfi.

Fimbo hiyo ilibuniwa Japani miaka ya 1980 na Hiroshi Ueda, mhandisi wa kampuni ya kamera ya Minolta, aliyetaka kujipiga picha akiwa na mkewe safarini bila kumwomba mpita njia. Haikuuzika. Mwaka 1995 fimbo ya namna hiyo ikatokea katika kitabu cha vitu visivyo na faida cha Kenji Kawakami, na wasomaji wakacheka. Kisha simu zikapata kamera ya mbele, na kitu kilekile kikauzwa dunia nzima, hadi kwa wamachinga wa Kariakoo. Fimbo ilibaki vilevile. Mazingira ndiyo yaliyobadilika. Mwandishi wetu anapima kila kifaa kwa mahitaji ya leo tu, na hapo ndipo hoja yake inapoanguka.

Upuuzi upo, sikatai. Juicero, mashine ya Marekani ya kukamua juisi, iliuzwa dola 699 mwaka 2016. Mwaka uliofuata Bloomberg ilionyesha kwamba pakiti zake hukamulika kwa mikono mitupu, na kampuni ikafungwa mwaka huohuo. Wanunuzi walihukumu wenyewe.

Basi, kwa kuwa hatujui kidude kipi kitafaa kesho, nawaomba wazazi na walimu: mtoto anayefungua redio mbovu na kuunga nyaya zake, msimkemee. Mpeni bisibisi.